Simu Iliyokataliwa na Baba Mdogo

Mwezi uliopita baba mdogo alituita sebuleni kwake, hapa Likasi, tuandike orodha ya mahari ya mdogo wangu wa mwisho. Kwetu mahari huandikwa kwenye karatasi kama bili ya dukani, na jina lake ni hilo hilo, faktiri. Mwenye mwandiko mzuri ndiye hupewa kalamu, na mwandiko mzuri ninao mimi. Nikaandika: mbuzi mmoja, mfuko wa chumvi, jembe, suti na viatu vya baba mdogo, vitenge vya mama. Tulipofika mstari wa sita mzee akakohoa, akanyoosha mguu, akasema, "Andika telefone. Lakini uandike muzuri: yenye inatoka mwaka huu. Ile iko na kamera ine."

Kamera nne! Kalamu ikasimama mkononi mwangu.

Mdogo wangu, ambaye hana hatia yoyote zaidi ya kupenda, akaniinamia mimi, dada yake mkubwa. "Yaya, weye njo unajuaka mambo ya telefone. Ile mupya inapita ya mwaka jana kweli, ao ni makelele tu?"

"Ni makelele," nikamjibu kwa sauti ya kusikika. "Na ukiacha bazee bakupime na makelele, utalia peke yako."

Baba mdogo alijifanya hakusikia. Uziwi huo ameuvaa miaka sita sasa, tangu mahari yangu mimi. Nikaandika "simu moja", nikaweka nukta. Hakuwa na miwani, hakuona.

Watu husema nina chuki na simu mpya. Ni kweli, ninayo, tena sijaomba dawa yake. Kila mwaka zinapotoka, vijana wa mjini hushikana mashati mbele ya picha za matangazo, hii ina hiki, ile haina kile, na mimi hupita nikiwatazama kama mtu anayetazama wehu wakigombea kivuli. Lakini chuki yangu ina mahali ilipoanzia, na heri niseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Nafanya kazi katika depo ya chokaa kwenye barabara ya Kakontwe. Napima mifuko, naandika, nafunga. Chokaa huingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye tundu la kuchajia simu. Miaka minane iliyopita simu yangu iligoma kabisa kula umeme, nikaipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na meza chini ya baraza la duka lililofungwa, karibu na soko. Alichukua sindano na mswaki wa zamani, akachokoa, akapuliza, chokaa ikatoka kama unga. Akanitazama. "Weye unakulishaka telefone chokaa? Watoto wako utabakulisha nini?"

Nilimwambia watoto sina, na nikiwapata hatakuwa yeye wa kuwapikia. Alicheka. Mwezi uliofuata tundu likaziba tena, na sitasema uongo, safari hiyo sikuwa nimelikinga sana.

Nilitaka kuolewa na mtu huyo. Naandika hili waziwazi kwa sababu katika mambo yote yaliyofuata, watu waliongea kila kitu isipokuwa hicho. Sikutaka mwingine. Nilimpenda kwa mikono yake iliyokuwa haina haraka, na kwa ulimi wake ambao haukujua kupaka mafuta. Mteja akija na simu nzima akitaka abadilishiwe betri, alikuwa anamrudisha nyumbani. Mteja akiuliza, "Fundi, nikamate ile mupya?" alimjibu, "Ya nini? Yako ingali nzima." Hivyo alikuwa anajinyima riziki kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi niliona ni uaminifu. Sikujua kwamba uaminifu wa namna hiyo ukipandishwa kidogo huwa kiburi.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mahari yangu ilikuwa mikononi mwa baba mdogo, mdogo wake. Ni mstaafu wa kiwandani na mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Katika orodha za zamani, za akina mama yetu, mstari wa sita ulikuwa wa taa ya karabai. Taa ilikuwa na maana: familia imetoa binti, inarudishiwa mwanga. Siku hizi mahali pa taa pameingia simu, na maana imetoka kwa mlango wa nyuma. Fundi aliponiomba, faktiri yangu ilisema: simu ya kisasa, moja. Basi.

Watu wa fundi wakaja na vitu vyote. Mbuzi alikuwa mnene, chumvi ilikuwa kavu, suti ilimkaa baba mdogo vizuri kuliko alivyostahili. Kisha likatolewa boksi la simu. Mzee aliligeuza huku na huku, akaweka miwani, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni, na uso wake ukafunga. Mzee mwenzake wa kanisa, anayekaa naye benchi moja, alikuwa amepewa na mkwe wake simu ya aina hiyo hiyo yenye namba moja zaidi. Kila Jumapili huyo mwenzake alikuwa anaiinua juu kurekodi mahubiri, na baba mdogo alikuwa ananyanyua yake ya kale yenye ufa.

"Hii ni ya mwaka yenye ilipita," akasema. "Mutarudia na ya mwaka huu. Sisi hatukuleta mutoto wa mwaka wenye ulipita."

Watu wakacheka, eti ni utani wa bukwe, yaani wa wakwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani na shangazi yangu, ambaye sote tunamwita tantine, na sikucheka. Msemaji wa upande wao aliinama, akasema wamesikia, watarudi. Boksi likarudishwa.

Kesho yake fundi wangu alikuja depo, akaniwekea simu ile juu ya mizani, kati ya mifuko miwili ya chokaa. Alikuwa ameitia kioo cha kinga na kizibo kidogo cha raba kwenye tundu la kuchajia, alichokikata mwenyewe. "Kama papa yako haipendi, tumikisha weye," akasema. "Ni nzima." Ndiyo simu niliyoitumia miaka yote hii.

Miezi miwili alikimbia huku na huku kutafuta ile ya namba ya juu. Aliipata Lubumbashi. Na kwa kuwa ni fundi, hakuweza kukaa nayo bila kuijua. Jioni moja ya Jumamosi alinionyesha kwenye kitabu chake cha kazi alivyokuwa amezilinganisha. Betri: ukubwa ule ule, hata namba iliyoandikwa juu yake ni ile ile. Ubao wa ndani: ndugu wa tumbo moja. Kamera zilikuwa tatu badala ya mbili, lakini ya tatu alisema ni jicho la kipofu, limewekwa ili tundu lionekane. Mgongo ulikuwa na rangi mpya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wenye viwanda tumewasifu kila mwaka bila kupumzika, sasa wanatunywesha maji matupu kwenye boksi zuri. Udongo wenye madini ya betri hizo unatoka kwenye vilima vyetu kwa magunia, unarudi umevaa rangi, na mzee wa kanisa anavimba shingo kwa ajili yake.

Niwe mkweli kwenye jambo moja, ingawa linaniuma. Ile mpya ilikuwa inajaa haraka, karibu nusu ya muda. Katika mji ambao umeme wa bwawa la Mwadingusha unaingia asubuhi, unasalimia na kuondoka, kitu hicho si pambo. Nilimwambia hivyo. Alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama. "Chaja njo iko nguvu," akasema, "telefone ni ile ile." Nilimwambia kwa mtu aliye gizani kinachomhusu ni kujaa, si sababu ya kujaa. Tulinuniana siku mbili. Nilipaswa kuona pale pale kwamba mtu huyu anapenda kuwa na haki kuliko chakula, na kwamba mimi ni hivyo hivyo. Nyani haoni kundule.

Siku ya kurudi ikafika, alasiri, wageni wamejaa sebuleni. Desturi yetu ni kwamba mwenye kuoa hana mdomo. Anakaa katikati ya watu wake, mikono magotini, msemaji anasema kila kitu. Anaweza kutukanwa, mbuzi wake akaitwa panya, yeye anatazama sakafu. Akifungua mdomo analipa faini, na akisimama kabla ya mambo kuisha ni kwamba ameyaacha. Desturi nyingine ni ya binti. Vitu vikishapokelewa anaitwa, anaulizwa mara tatu mbele ya watu: tukule vitu hivi, ao tuache? Mara ya kwanza anatazama chini. Mara ya pili vilevile, watu wasije wakasema ana njaa ya mume. Mara ya tatu anajibu. Tantine alikuwa amenifundisha wiki nzima. "Ya tatu, useme waziwazi," aliniambia. "Hata jirani asikie."

Nikiwa nyuma ya pazia nilisikia boksi likifunguliwa, kisha binamu yangu, mwana wa baba mdogo, akisoma maandishi ya boksi kama anasoma Zaburi. Kamera tatu! Watu: eeeh. Mémoire kubwa! Eeeh. Ilipigwa picha simu ile kwa simu nyingine. Ilipitishwa mkono kwa mkono, ikapimwa uzito, ikainuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Wakauliza guarantee yake ni ya muda gani. Saa nzima ilikwenda. Nilikaa kitandani nimevaa kitenge kipya kilichonibana kwapani, nikisikiliza wanaume ishirini wakiuliza juu ya simu maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza juu yangu.

Kisha nikasikia sauti ambayo haikupaswa kusikika.

"Papa, samahani. Minye njo nafungulaka hizi telefone kila siku. Hii na ile mulikatala, ndani ni kintu kimoja."

Tantine alinishika goti. Msemaji wao alianza kucheka cheko la kuomba radhi, lakini fundi wangu alikuwa amekwisha kuanza na hakuna wa kumzuia. Aliomba ile ya kwanza, iliyokuwa kwangu, iletwe. Binamu alikuja kuichukua mkononi mwangu, nami kwa upumbavu nikaitoa. Nilichungulia kwenye ukingo wa pazia. Juu ya meza ya kahawa ya baba mdogo, kati ya soda na karanga, alitoa bisibisi mfukoni, akapasha kisu kwa kiberiti, akazifungua simu zote mbili migongo. Akawaonyesha. Betri hii, betri hii. Ubao huu, ubao huu. Jicho la kipofu. Alisema polepole, kwa heshima yote, na kila neno lilikuwa kweli.

"Umefungula telefone yangu?" baba mdogo akauliza.

"Nitaifunga, papa. Itatumika bien."

"Ilikuwa mupya. Sasa ni ya occasion." Yaani mtumba. "Umeniletea mupya, umeigeuza occasion mbele ya macho yangu."

Wakamtoza faini ya kuku na kreti ya soda kwa kufungua mdomo. Akalipa hapo hapo, bila kubisha, huku akizifunga simu, na niliuona uso wake. Alikuwa na furaha. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha namna ile, hata siku aliyoniomba. Alikuwa ameshinda. Kwenye chumba kilichojaa watu walioshika maisha yangu mikononi, yeye alikuwa ameshinda ubishi wa betri.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na nataka ieleweke ilimpandia nani. Baba mdogo nilikuwa nimekwisha kumzoea. Huyu mwingine ndiye aliyenichoma. Nilimwaza akifanya vile vile kwa watoto wetu, kwa mama yangu, kwangu, akifungua mgongo wa kila kitu ili aonyeshe kwamba alijua. Tantine aliona uso wangu. "Hasira hasara, mwanangu," akaninong'oneza. "Ngojea ya tatu."

Baba mdogo akaipokea simu hivyo hivyo, kwa kununa, nikaitwa. Nikasimama mbele yao. Fundi alitazama sakafu, sasa ndipo alipokumbuka desturi.

"Mutoto wetu," baba mdogo akasema, "bintu ni hibi. Tukule, ao tuache?"

Nilipaswa kutazama chini. Nilisema, "Muache."

Wakacheka. Walidhani ni haya za mwanamwali zilizokosea njia. Wanawake wakapiga vigelegele kidogo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi, na naujua hadi leo herufi kwa herufi: nitakataa mara mbili, kwa sauti, ili wote waonje, kisha ya tatu nitakubali. Nilikuwa na haki ya maswali matatu. Nilitaka kuwaadhibu kwa mawili.

"Tunakuuliza tena. Tukule, ao tuache?"

"Muache," nikasema. "Leo mulipima telefone ndani na inje. Minye hata muntu moja hakuniuliza kintu. Hata ule mwenye kuleta telefone."

Hakuna aliyecheka. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kinywani mwangu, nimelishika kwa meno. Nilimtazama baba mdogo, nikamwona anavuta pumzi aniulize mara ya tatu. Alikuwa anataka kuuliza. Katika miaka hii sita nimemlaumu kwa mengi, lakini kosa hilo si lake, mdomo wake ulikuwa umefunguka.

Fundi wangu akasimama.

"Inatosha, papa," akasema. "Alisha kujibia."

Akaokota bisibisi yake mezani, akaipangusa kwenye suruali, akatoka nje. Hakunitazama. Watu wake walikaa kidogo kama waliopigwa kofi, kisha nao wakaanza kusimama mmoja mmoja, kwa sababu mwenye kuoa akisimama wote husimama. Walichukua chumvi. Walichukua mbuzi, ambaye alikataa kupanda gari akasukumwa. Baba mdogo alivua koti la suti pale pale. Simu mpya aliirudisha mwisho kabisa, baada ya kuigeuza mara moja zaidi kuangalia kamera. Ile ya zamani ilibaki mezani, na mimi nikaichukua.

Usiniulize kwa nini sikumkimbilia. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na sauti. Nilisimama pale nikingoja swali langu la tatu kama mtu anayengoja chenji yake.

Alioa mwaka uliofuata. Wana mtoto. Mimi bado niko depo, na sitaki kuonewa huruma, kwa maana nalala vizuri. Kila baada ya mwaka au mwaka na nusu nilikuwa nampelekea simu ile. Alibadilisha betri mara mbili, kioo mara moja, tundu la kuchajia sijui mara ngapi. Alinitoza bei ya watu wote. Watu wakiniuliza kwa nini kwake, niliwajibu kwamba ni fundi mzuri kuliko wote mjini, jambo ambalo ni kweli. Kamwe hatukuzungumza habari ya siku ile. Aliinamisha kichwa, akafungua, akafunga, nikaenda.

Jumanne iliyopita simu haikuwaka. Niliipeleka saa sita mchana, natoka depo na chokaa mikononi. Aliifungua, akapima kwa nyaya zake, akapima tena. Nilisimama upande wa pili wa meza, mteja mwingine nyuma yangu ananipumulia shingoni.

"Hii ilisha kufa," akasema. "Ni ubao. Na bipande byake habiko tena hapa. Kamata mupya, mama."

Mama. Kama wateja wote.

"Ile ya mwaka huu?" nikauliza, kwa shari. "Yenye kamera ine?"

"Hata ile."

"Inapita hii?"

Alifikiri kidogo. Bado hawezi kusema asichokiamini. "Hii ilisha kufa," akarudia. "Hakuna ya kupimisha nayo."

Akaishika ile simu, mgongo wazi, kile kizibo changu cha raba kimening'inia, kimekuwa cheusi. "Niibakize hapa? Kioo ingali muzuri. Kitasaidia muntu."

"Hapana," nikasema.

Akaichukua bisibisi, akaiweka chini. "Utafanya nayo nini nyumbani? Niibakize?"

"Hapana."

Hapo aliinua kichwa. Kwa miaka sita nilikuwa nimeuona utosi wake tu, na sasa nikaona kwamba amezeeka kando ya macho. Alinitazama bila haraka. Mteja wa nyuma yangu akaguna.

"Niibakize?" akaniuliza mara ya tatu.

Nikasema ndiyo. Nilisema waziwazi, kama tantine alivyonifundisha, hata muuza mikate wa baraza la pili akageuka. Akaiweka simu katika kopo la maziwa pamoja na nyingine zilizokufa, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.